Nani Alimwona Mzee Akianguka?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wa Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya jirani walizoea mgeni wa aina mpya. Alifika matanga yakiwa yamekwisha, akapiga hodi, akatoa pole, akakaribishwa mkekani, kisha akafungua fomu na kuanza kuuliza. Marehemu alianza kuumwa lini? Alikuwa na homa? Alizimia? Alizimia ghafla, au alidhoofika siku kadhaa kwanza? Alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka? Upande mmoja wa mwili ulilegea? Alikuwa akimeza dawa gani?

Aliyejibu ni yule aliyeuguza: mke, binti, mkwe, pengine mjukuu aliyekuwa akilala chumba kimoja na babu yake. Mara nyingi hakuna aliyekuwa amempima marehemu presha wala sukari, na mwili ulikwisha kuzikwa siku ileile au kesho yake, kama ilivyo desturi ya pwani. Kilichobaki ni ushahidi wa macho na masikio ya waliokuwepo. Juu ya ushahidi huo wilaya nzima ikaanza kujua watu wake wanakufa kwa nini.

Kazi ile ilikuwa ya TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya ya Tanzania kwa ushirikiano na IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo. Fomu zilikuwa mpya, lakini swali lilikuwa la zamani sana katika nchi ile. Mzee akianguka na kupoteza fahamu, au akiamka asubuhi hawatambui wanawe, Warufiji walimgeukia aliyekuwepo na kumuuliza ameona nini, miaka mingi kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa. Kinachobadilika kutoka zama hadi zama ni nani anayeuliza, anauliza nini, na majibu yanamsaidia nani.

Nchi ya maji na madungu

Ili kuelewa kwa nini shahidi ana uzito huo, ni lazima kuitazama nchi yenyewe. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika katika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo umetanda msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Wanyagatwa na majirani zao huishi humo kwa uvuvi, mpunga na ukataji wa boriti, biashara ambayo zamani ilizileta jahazi za Uarabuni hadi ndani ya vijito. Wajerumani waliipima thamani ya boriti hizo mapema: ofisi yao ya misitu iliwekwa Salale, ndani ya delta, mwaka 1898.

Juu kidogo ya delta, Wandengereko na wenzao wamelima bonde la mafuriko kwa vizazi vingi. Maji yakija yanalisha mpunga. Yakipungua, ardhi yenye unyevu hupandwa mazao ya mlau. Mpunga ukianza kukomaa, familia huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya ndege, ngedere na nguruwe. Mzee asiyeweza tena kushika jembe huweza kwenda kulinda, kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Au hubaki kijijini na mjukuu mmoja wakati wengine wote wako bondeni.

Kwa maisha ya namna hii, kuanguka kwa mzee kwa kawaida huonekana na mtu mmoja tu. Pengine mtoto wa miaka tisa. Pengine hakuna kabisa, na anayerudi jioni hukuta babu yuko chini, jeraha kwenye paji la uso, hakumbuki lolote. Na kutoka visiwa vya delta hadi kwa mganga wa hospitali kuna safari ya mtumbwi au boti kwa kufuata maji kupwa na kujaa, kisha nchi kavu kutoka Nyamisati hadi Kibiti. Hadi mgonjwa anafika, kuzirai kumekwisha zamani. Mapigo ya moyo yamerudi, macho yamefunguka, na tabibu anamwona mtu aliyechoka, hana zaidi. Habari yote imo kichwani mwa aliyemsindikiza.

Kabla ya zahanati

Masimulizi mashuhuri kuliko yote ya Rufiji yanaonyesha jinsi jamii ilivyotunza ushahidi wa aina hii. Mwaka 1904 huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikumbwa na pepo asubuhi, mbele ya wake zake na watoto wake. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye pamoja na John Iliffe alichapisha kumbukumbu hizo mwishoni mwa miaka ya 1960, walieleza kila hatua: alivyolala kifudifudi, alivyotambaa kuelekea dimbwini, waliotaka kumzuia walivyokatazwa, jamaa walivyokesha ukingoni, waliozamia kumtafuta walivyomkosa, na alivyotoka kesho yake nguo zikiwa kavu, akinena habari za mambo yajayo. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji viliwaka, na Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro.

Haifai kumpima Kinjikitile kwa vipimo vya hospitali. Wale waliosimulia walikuwa wakieleza jambo la imani, nalo lilibeba historia ya nchi. Linaloshangaza ni usahihi wa ushahidi. Zaidi ya miaka 60 baadaye watu walijua ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, mwili ulikaaje, na ilichukua muda gani hadi aliporejea. Hayo ndiyo mambo manne ambayo daktari yeyote leo angetaka kuyajua kwanza kuhusu mtu aliyepoteza fahamu.

Waganga wa pwani nao waliyauliza. Mgonjwa wa kuanguka aliletwa na ndugu, na ndugu ndio walioeleza: ameanguka akitoka wapi, alipiga kelele au alinyamaza, povu lilitoka au halikutoka, alijikojolea au la. Kutokana na majibu mganga alitenga kifafa na pepo, pepo na kiharusi, kiharusi na uchovu wa uzee. Tiba ilifuata: kombe la kunywa, mafusho, dawa za kuchua, ngoma ya kumpunga pepo. Mzee alipata walau jambo moja la hakika, yaani watu waliokaa naye usiku na mchana wakimtazama.

Hatari ilikuwa katika swali la mwisho, lile la nani amemtupia. Mganga mashuhuri Nguvumali, aliyefariki mwaka 1957, alijulikana toka Umatumbi hadi mbali kwa kuwafichua wachawi, na Hasani bin Ismail alimtungia utenzi ambao Peter Lienhardt aliuchapisha mwaka 1968. Ibada za namna hiyo ziliwapa watu kitulizo baada ya misiba isiyoelezeka. Lakini mzee aliyekuwa akizungumza peke yake, akitoka nje usiku, asiyewatambua jirani zake, aliweza kuhama upande kwa haraka: jana alikuwa mgonjwa wa kuhurumiwa, leo ni mtu wa kutazamwa kwa jicho baya. Akili yake iliyochanganyikiwa haikuweza kumtetea. Ushahidi uleule uliotunzwa kwa makini uligeuka kuwa mashtaka.

Dresa, zahanati na redio

Serikali ya kikoloni haikuja Rufiji kuwatazama wazee. Wajerumani walijenga hospitali zao kubwa Dar es Salaam, ile ya Ocean Road ikifunguliwa mwaka 1897. Waingereza, ambao wilaya waliiendesha kutoka Utete, walianzisha miaka ya 1920 utaratibu wa madresa wa vijijini: kijana mwenye mafunzo mafupi, sanduku la dawa, bandeji na daftari. Dresa alifunga vidonda na kutoa kwinini. Mzee aliyezirai hakuwa na nafasi katika daftari lake, kwa kuwa hakuwa na kidonda.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Ripoti ya mwaka 1964 ya jopo lililoongozwa na Richard Titmuss kuhusu huduma za afya Tanganyika ilisisitiza haja ya kuzipeleka huduma vijijini. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya mwaka 1968. Serikali iliamua kuwahamisha watu wa bondeni hadi kwenye ardhi ya juu katika vijiji vipya, mojawapo ya operesheni za kwanza kabisa za aina hiyo nchini, miaka kadhaa kabla ya uhamishaji mkubwa wa katikati ya miaka ya 1970. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeiandikia Rufiji kitabu kizima, ameeleza jinsi zoezi hilo lilivyoyatenganisha makazi na ardhi yenye rutuba.

Kwa mzee, operesheni ilikuwa na pande mbili. Nyumba yake sasa ilikuwa karibu na jirani, na katika vijiji vingi zahanati nayo ilifuata. Akianguka mchana, huenda mtu akamsikia. Lakini vijana waliendelea kulima bondeni, sasa kwa mwendo mrefu zaidi, na msimu wa dungu ukawa msimu wa kijiji chenye wazee na watoto. Upweke wa mzee ulihama naye.

Mwaka 1973 redio ilileta kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu ndizo zilizokuwa shabaha, na kwa haki kabisa, kwani ndizo zilizokuwa zikiua. Presha haikuwa miongoni mwa adui waliotajwa. Kizazi kizima cha wahudumu wa vijijini kilijifunza kwamba ugonjwa ni mdudu, maji machafu au mbu, na mzee aliyezirai bila mdudu akaonekana amezeeka tu.

Malaria imepanda kichwani

Matokeo yake yalionekana wazi zaidi kwenye homa. Kwa miongo mingi, mtu mzima aliyefika zahanati akiweweseka alipewa jina moja la ugonjwa: malaria imepanda kichwani. Familia zililijua, wahudumu walilijua, na mara nyingi lilikuwa kweli. Malaria kali huleta kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu, na Rufiji ilikuwa miongoni mwa nchi za malaria nyingi.

Ila haikuwa kweli kila mara. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa upya kwa makini, chini ya nusu walikuwa na vimelea. Waliobaki yaelekea walikuwa na kitu kingine: pengine nimonia, maambukizi katika damu, homa ya uti wa mgongo, au magonjwa mengine ambayo kwinini haiyagusi.

Kwa mtu mwenye umri mkubwa kosa hili ni zito maradufu. Mzee aliyekaa miaka yote katika nchi ya malaria ana kinga ambayo mtoto hana, kwa hiyo uwezekano wa kuwa kuchanganyikiwa kwake kunatokana na jambo lingine ni mkubwa zaidi. Tena nimonia au maambukizi ya mkojo humjia mzee bila homa kali na bila kikohozi cha kutisha. Dalili ya kwanza huweza kuwa akili kuyumba. Na kwinini yenyewe hushusha sukari mwilini, na ikiingizwa mshipani kwa kasi hushusha presha. Mzee aliyeingizwa wodini amechanganyikiwa kwa nimonia aliweza kuzimia kwa tiba ya malaria ambayo hakuwa nayo.

Dawa mseto ilipoingia mwaka 2006, na kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea zahanati kwa zahanati miaka iliyofuata, kwa mara ya kwanza mhudumu wa kijijini aliweza kuona mstari mmoja kwenye kipimo na kujua: hii si malaria. Ndipo swali gumu likafunguka. Kama si malaria, ni nini?

Fomu ya Ikwiriri

Sehemu ya jibu ilikuwa ikikusanywa tayari, mikekani. Mfumo wa ufuatiliaji wa TEHIP huko Rufiji ulianza mwaka 1998 katika vijiji 31 vyenye watu wapatao 85,000, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Kibiti ilipata wilaya yake katikati ya miaka ya 2010. Wadadisi walizunguka kila kaya mara tatu kwa mwaka kuandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani amefariki. Kila kifo kilifuatiwa na mahojiano. Fomu ilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wa tatu aliamua. Novemba mwaka huohuo wa 1998, vituo vya namna hii kutoka Afrika na Asia viliunda mtandao wao, INDEPTH, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam.

Faida ilionekana upesi. Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid wameeleza katika kitabu chao cha mwaka 2004 jinsi timu za afya za wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilivyopewa nyongeza ndogo ya bajeti, isiyofika dola 2 kwa mtu kwa mwaka, pamoja na takwimu zilizoonyesha fedha hiyo iende wapi. Iliwekwa kwenye vyandarua, malaria na matibabu ya watoto. Katika miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kuna watu wazima leo Kibiti na Ikwiriri walio hai kwa sababu bibi fulani alikubali kusimulia msiba wake kwa mgeni mwenye fomu.

Wazee hawakunufaika kwa kiwango hicho. Fomu za wakati huo zilikuwa tatu: ya mtoto mchanga wa chini ya siku 31, ya mtoto chini ya miaka 5, na ya kila mtu mwenye miaka 5 na kuendelea. Mtoto wa darasa la kwanza na mzee wa miaka 85 walitumia karatasi moja. Na kifo cha mzee ndicho kigumu kuliko vyote kukisoma kwa ushahidi wa maneno, kwa sababu magonjwa yake hukaa pamoja: presha ya miaka mingi, macho yenye mtoto wa jicho, kuharisha kwa siku mbili, kisha kuanguka. Kipi kilimuua? Shahidi anaeleza alichoona mwishoni, na mwisho wa magonjwa mengi ya uzeeni unafanana.

Hata hivyo, fomu za aina hii zilitoa habari moja ambayo haikutarajiwa. Mwaka 2000 Richard Walker na wenzake walitumia mahojiano ya vifo kutoka Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wilaya inayopakana na Rufiji, wakaonyesha kwamba kwa watu wa chini ya miaka 65 vifo vya kiharusi vilizidi kwa mbali vile vya Uingereza na Wales. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wazungu matajiri ulikuwa umejaa mashambani, na ulijulikana kwa sababu ndugu walikumbuka upande upi wa mwili ulilegea.

Kujua ni jambo moja, kupeleka hospitali ni jingine. Gerry Mshana na wenzake waliandika mwaka 2008 kwamba watu wengi wa Dar es Salaam waliohojiwa walikieleza kiharusi kwa mashetani na ulozi, ilhali wa Hai walitaja zaidi sababu za mwili. Anayeamini kuwa sindano itamdhuru mwenye shetani atampeleka mzee kwa mganga kwanza, na saa ambazo hospitali ingeweza kufanya jambo zinapita njiani.

Kupima akiwa hai

Sayansi ya kuzirai na kuchanganyikiwa nayo imekua katika kipindi hichohicho, na haikumwacha shahidi. Mganga wa hospitali anayepokea mzee aliyezimia huanza kwa kumuuliza aliyemwona. Alikuwa amesimama, amekaa au amelala? Aliyezimia mara tu baada ya kuinuka, pengine akishuka ngazi ya dungu alfajiri, huenda presha yake ilishuka. Aliyezimia amekaa kitako bila onyo lolote anatia hofu ya moyo. Aliyerejea fahamu ndani ya dakika moja akawatambua watu ni tofauti na aliyebaki amepumbaa nusu saa, ameuma ulimi. Huyu wa pili huenda alipata kifafa, ambacho uzeeni huweza kuwa kovu la kiharusi cha zamani.

Kisha vipimo, na vingi havihitaji umeme. Presha hupimwa mgonjwa akiwa amelala, halafu tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ya chini kwa 10, sababu imeanza kuonekana. Pengine hakunywa maji ya kutosha wakati wa joto, pengine ameharisha, pengine dawa ya presha ya kukojoza imezidi. Tone la damu huonyesha sukari, jambo la lazima kwa mwenye kisukari aliyemeza vidonge vyake akiwa amefunga Ramadhani. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa dakika nzima. Yakiwa machache mno, mzee anahitaji kupigwa kipimo cha umeme wa moyo, na kwa wengine kuwekewa kifaa cha kuuendesha moyo, tiba inayotolewa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Kuchanganyikiwa kuna kanuni yake. Njia iliyobuniwa na Sharon Inouye na wenzake Marekani mwaka 1990 inatazama mambo manne: kama hali ilianza ghafla na inapanda na kushuka, kama mgonjwa hawezi kushika jambo akilini, kama mazungumzo yake yamevurugika, na kama ameduwaa au amechachamaa kupita kawaida. La kwanza ndilo linalotenganisha ugonjwa wa ghafla, ambao mara nyingi unatibika, na usahaulifu unaokuja pole pole kwa miaka. Na hilo haliwezi kujibiwa na mgonjwa wala na daktari. Linajibiwa na anayeishi naye: juzi alikuwaje?

Tanzania yenyewe imechangia. Katika wilaya ya Hai, watafiti walitengeneza kipimo kifupi cha kumbukumbu kinachoitwa IDEA, ambamo mzee hapewi kalamu achore. Anapewa njiti za kiberiti azipange, kwa kuwa wengi wa kizazi hicho hawakupita shule. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wazee waliolazwa walipochunguzwa, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amechanganyikiwa akili kwa ghafla.

Na Rufiji ilipata nafasi yake katika elimu hii pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, wakiwamo Brigit Obrist na Peter van Eeuwijk, wameshirikiana na wenzao wa Tanzania kuchunguza nani anawatunza wazee wa Rufiji. Waliona kwamba sehemu ya mzigo huo iko mabegani mwa wajukuu: wanaochota maji, wanaopika uji, wanaomshika mzee mkono kwenda msalani. Hawa ndio mashahidi. Zahanati nyingi humwuliza mtu mzima aliyemleta mgonjwa, ambaye alikuwa bondeni, na kumwacha mtoto amesimama mlangoni na habari yote.

Njia kutoka nyumbani hadi hospitali imekuwa nyepesi kuliko zamani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwaka huohuo Daraja la Mkapa lilifunguliwa, na foleni ya pantoni pale Ndundu, ambako mgonjwa aliweza kulala njiani, ikaisha. Lakini nchi bado ni ya maji. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na watu wakaishi kwenye makambi. Mzee anayehamishwa ghafla, akakosa dawa zake za presha, akanywa maji yasiyo salama na kulala mahali asipopatambua, amekusanyiwa karibu kila sababu ya kuanguka na kuchanganyikiwa kwa wiki moja.

Mwanzoni mwa mwaka huo serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa nchi nzima. Wakipewa mashine ya presha, kipimo cha sukari na maswali yaleyale kumi na kitu ambayo wadadisi wa Ikwiriri waliuliza baada ya matanga, wahudumu hao wanaweza kuyauliza mzee akiwa bado amelala kitandani kwake. Kwa wale wa delta, wanaopelekwa Kibiti kwa boti na gari, barua ya rufaa inahitaji mistari michache zaidi ya ile iliyozoeleka: alianguka saa ngapi, akiwa amesimama au amekaa, alirejea fahamu baada ya muda gani, anameza dawa zipi, juzi alikuwaje, pamoja na jina na namba ya simu ya aliyemwona, hata kama ni mjukuu wa darasa la nne anayetumia simu ya jirani.